Nimefundishwa kunyamaza

Jamani, wiki nzima nimekaa kwenye mafunzo ya EASE, ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF uliotoka 2023 kwa watoto wa miaka 10 hadi 15 wenye msongo na huzuni. Vikao saba vya watoto, vitatu vya wazazi. Wala si lazima uwe daktari, ndicho kilichonivuta mimi mwalimu wa chaki.

Siku ya pili tukaigiza. Mwenzangu akawa mtoto, kainamisha kichwa, anachezea kamba ya kiatu. Dakika haikuisha nikaropoka: "Pole mwanangu, yatapita, muombe Mungu." Mkufunzi akacheka: "Mwalimu, umeshamfungia mlango." Tukarudia. Mara ya tatu nikauma meno, nikanyamaza. Mwenzangu akaanza kuongea mwenyewe.

Sasa hela za kuendesha vikao hivi. Mfadhili mmoja katutosa kwa sababu kikundi chetu hakina hesabu zilizokaguliwa. Haya. Tunavizia matangazo ya ruzuku ya Being, mpango wa afya ya akili ya vijana ulio chini ya shirika la Grand Challenges Canada, na Tanzania imo kwenye nchi zake. Anayejua kupanga bajeti ya maombi aje inboksi, chai na chapati juu yangu.