Diski ya TB 1 iliyoanguka: hatimaye inanakilika bila kutoweka

Hii diski ya inchi 2.5 iliangukia sakafu ya saruji ikiwa imewashwa. Inazunguka, haigongi tik-tik, na mfumo unaitambua. Ingekuwa inagonga ningeizima papo hapo, maana kichwa (kisomaji cha data) kilichopinda huweza kukwangua sahani inayobeba data kila sekunde diski inapokuwa na umeme.

Shida sugu ilikuwa moja: kuganda. ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, inakimbia vizuri, inafika eneo baya, diski inanyamaza, kisha makosa yanamiminika kwa kasi isiyowezekana. Hayo si makosa ya sahani. Ni ile bodi ndogo ya USB ndani ya kasha iliyokwama na kukataa kila ombi, huku faili ya ramani, ambamo ddrescue huandika kilichosomeka na kilichoshindikana, ikijazwa sekta (vipande vidogo vya diski) "mbovu" ambazo hazijaguswa kabisa. Ukichomoa na kuchomeka, iliyokuwa /dev/sdb inarudi kama /dev/sdc, kwa hiyo tumia jina lililo chini ya /dev/disk/by-id. Nilibadilisha kebo, nikajaribu habu yenye umeme wake, nikahamia USB ya nyuma ya kompyuta ya mezani. Wapi!

Dawa ilikuwa kung'oa ile bodi na kuchomeka diski moja kwa moja kwenye SATA (soketi ya diski za ndani) ya kompyuta ya mezani. Chunguza kwanza: WD My Passport nyingi zina USB kwenye bodi ya diski yenyewe, hazina SATA, na nyingine husimba data kupitia bodi hiyo. Hii ilikuwa na SATA ya kawaida. Sasa ikikutana na sekta mbaya inahangaika kidogo, inarudisha kosa, na kazi inaendelea. Sekta zilizosingiziwa ubovu nilizirudisha kwenye foleni kwa -A, inayoiambia ddrescue izijaribu upya.

sudo ddrescue -d -n -N -K 1Mi /dev/disk/by-id/ata-… nakala.img nakala.map

Hiyo -K, ukubwa wa kuruka inapokutana na kosa, ndiyo iliyookoa muda; -n na -N huahirisha kuchokonoa maeneo mabaya. Ukifungua ramani kwenye ddrescueview, programu ya kuionyesha kwa rangi, unaona milia: kijani, pengo, kijani, pengo, kwa mpangilio unaojirudia. Kichwa kimoja ni kizima na kingine kimedhoofika, na diski huandika upande mmoja wa sahani kwa kitambo kabla ya kuhamia mwingine. Ukiruka kwa hatua kubwa unavuna kwanza kila alichoweza kusoma kichwa kizima, bila kumchosha yule mgonjwa.

Mpango ulikuwa kufuatisha -r3, yaani kurudia maeneo mabaya mara tatu. Nimeuacha. Badala yake programu ya ddru_ntfsbitmap inasoma orodha ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) ya sehemu zenye data na kutengeneza ramani yake, kisha unaipa ddrescue kwa -m ili isome sehemu hizo tu. Usisahau kuieleza partisheni (eneo la diski lenye faili) inapoanzia; hapa ni sekta 2048, yaani baiti 1,048,576. Kwa nini kichwa mgonjwa kifie kwenye nafasi tupu? Zaidi ya nusu ya diski hii haina kitu.

Programu za kulipia zinazochanganua diski mbovu moja kwa moja sizipendi hata kidogo. Nakala kwanza, uchanganuzi baadaye, juu ya nakala. Chkdsk, kirekebishi cha diski cha Windows, usiiguse. Na ushauri wa kuweka diski kwenye friza, kwa unyevu huu wa Kisumu, ni kuipeleka kaburini: ukiitoa tu, unyevu unageuka matone ya maji juu ya sahani. Joto la mchana ndilo la kushughulikia hapa. Feni ipulize diski wazi, na endesha usiku. Stima ikipotea, ramani inakumbuka ulipofika.

Kilichobaki ni kujua faili zipi zimeumia. Kwenye nakala ya pili, tumia --fill-mode ya ddrescue kujaza mapengo kwa neno IMEHARIBIKA, fungua partisheni kwa kusoma tu, kisha grep -rl IMEHARIBIKA, inayotaja kila faili yenye neno hilo. Hadi sasa picha karibu zote ni nzima. Zilizotajwa zaidi ni video ndefu za kwaya, kwa kuwa faili moja ya GB 4 hukatiza milia mingi. Hizo ndizo zitakazorudishiwa -r3, peke yake, diski ikiwa bado inapumua.