Kitabu kilekile, ada mpya

Jamani, nilipoanza uzamili wa uchumi, somo la maikro, yaani uchumi wa mlaji na kampuni mojamoja, tulipewa kitabu nilichosoma digrii ya kwanza, mwaka wa pili. Kilekile! Doa langu la chai bado lipo kwenye sura ya bajeti ya mlaji. Nikajiuliza, ada yote hii nalipa kurudia?

Nikajitia ujuaji. Nikaenda steshenari ya nje ya geti nikatoa kopi sura za mwanzo za Mas-Colell, Whinston na Green, lile tofali la kitabu cha maikro la 1995 linalotoa jasho wanafunzi wa uzamivu huko Marekani. Loh! Kule mlaji hanunui chungwa na ndizi, ananunua vekta, yaani orodha ya namba. Kwamba ukipenda A kuliko B, na B kuliko C, basi utapenda A kuliko C, jambo ambalo hata bibi yangu sokoni analijua, limeandikwa kwa alama nikadhani ni Kigiriki. Mengine kwa kweli ni Kigiriki. Jioni nzima nusu ukurasa.

Nikamwendea mhadhiri na malalamiko yangu. Akatabasamu: "Wenzako wengine wametoka sosholojia. Na wewe, viambatisho vya mwisho wa sura ulivisoma?"

Sikuwa nimevigusa. Hesabu zote za kitabu "chepesi" zimefichwa humo, na mwaka wa pili tulikuwa tunavirukaruka tu.

Mtihani ulitoka hukohuko kwenye viambatisho. Nilipata C. Zile kopi bado ninazo, mwanangu anachorea magari upande wa nyuma.