Mguu Wako Ndio Mzito

"Si kabureta, mwanangu. Gari linaunguruma vizuri. Mguu wako ndio mzito." Baba aliyasema hayo Jumamosi asubuhi, amesimama kando ya boneti iliyo wazi, na tangu siku hiyo sijaweza kuyatoa kichwani. Jumanne Dada alijifungua salama, Alhamisi nikathibitishwa kazini, lakini kila nikizima taa usiku narudi pale pale, kwenye lile neno "mzito".

Gari hili limenisumbua kwa wiki tatu, nami nilishuku kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Asubuhi linawaka bila shida. Likishapata moto, nikilizima kidogo na kupiga starti tena, linakataa, na harufu ya petroli inaingia hadi ndani. Ni kweli kwamba mtu anayekanyaga mafuta mara tatu nne kabla ya kupiga starti anaweza kulifurisha mwenyewe, na hapo sibishani na Baba. Lakini nilifuata alichonifundisha yeye: likifurika, kanyaga mafuta hadi mwisho, shikilia hapo bila kuachia, kisha piga starti ili hewa nyingi ipite na kuikausha petroli iliyozidi. Likawaka, likakohoa, likatoa moshi mweusi, na liliposimama likatetemeka kama mgonjwa wa homa, wakati mguu wangu haukuwa hata juu ya pedali. Nilimweleza hivyo, naye akarudia kwamba linaunguruma vizuri.

Nilizifungua plagi zote nne. Zilikuwa na masizi meusi, makavu, yanayofutika kwa kidole, nazo zilifanana. Kwa hiyo kosa halikuwa la plagi moja wala waya wake. Petroli huungua barabara ikipata hewa mara 14.7 ya uzito wake, na hii haikuwa imepata hewa ya kutosha. Choki, kile kibao kinachozuia hewa injini ikiwa baridi, ilifunguka yote, chujio la hewa lilikuwa safi, na sindano inayofungua na kufunga njia ya petroli kuingia kwenye bakuli la kabureta, pamoja na kiti chake, nilivisafisha bila kuona mabadiliko. Kilichonizindua ni skrubu ya mchanganyiko, inayopima petroli injini ikizunguka polepole: niliikaza hadi mwisho na injini haikujali, maana yake petroli ilikuwa na njia nyingine ya kupita. Nikamulika tochi ndani ya koo la kabureta. Injini ikizunguka polepole, bila kukanyagwa, matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mdomo mkuu, tone baada ya tone, mahali ambapo kwa mwendo ule hapakupaswa kutoka kitu.

Ijumaa jioni nikalitoa boya linaloelea ndani ya bakuli la kabureta, lile la shaba lenye nusu mbili zilizounganishwa kwa risasi ya kulehemu. Baba alikuwa pembeni, nikampa. Akalitikisa karibu na sikio lake. "Halina kitu," akasema, akanirudishia.

Nililitikisa mimi, likasema chwa chwa, waziwazi kabisa. Nililizamisha katika maji ya moto, na mstari wa mapovu membamba ukatoka kwenye kiungo chake. Boya lililoingiwa na petroli huwa zito, halipandi vya kutosha kuisukuma sindano ifunge, na bakuli linafurika. Sikuthubutu kulichomea, kwa sababu mvuke wa petroli ndani yake unaweza kulipuka, na hata likikauka, risasi ya ziada huliongezea uzito usio wake. Nimeweka jipya. Oili nayo nimeimwaga yote, maana kijiti cha kupimia kilionyesha imepanda na kilinuka petroli, na oili iliyochanganyika hivyo haizilindi tena beringi.

Sasa gari limetulia. Nilikuwa nimeiandaa sentensi yangu ya kumwambia Baba, nimeipanga wiki nzima, neno kwa neno. Sikuisema. Huyu ndiye aliyekuwa akisikia gari likikata kona ya mbali na kutuambia ni valvu ya silinda ipi inayogonga kabla halijafika. Nilipoliwasha leo aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema linaunguruma vizuri, kwa sauti ile ile ya Jumamosi.

Jana tulikwenda kumwona mtoto wa Dada. Alikuwa akilia chumba cha pili, na Baba akauliza kama bado amelala.