Fundi Umeme Juu ya Dari ya Jipsamu

Jambo la kwanza ambalo fundi umeme mgeni anapaswa kulielewa anapoanza kazi za ukarabati wa majengo huku Marekani ni kwamba dari ya jipsamu iliyoning'inizwa hujibeba yenyewe tu. Ukiitazama kutoka juu utaona vyuma vyembamba vilivyopangwa vizuri na bodi zilizonyooka, nawe utadhani pana mahali pa kukanyaga, ilhali bodi hizo zimekazwa kwa skrubu kutoka chini na vyuma vyenyewe vinashikiliwa na waya zilizofungwa kwenye boriti. Goti likitua katikati ya bodi, hata la mtu mwembamba, bodi hupasuka au huchomoka kwenye vichwa vya skrubu, ikaporomoka pamoja naye.

Kwa hiyo kazi iliyo bora ni ile inayofanyika bila kuingia darini kabisa: unasimama kwenye jukwaa lililofungwa vizuri na kufikia nyaya kupitia kidirisha cha ukaguzi, na kama hakipo, unaomba dari ikatwe. Wapo wasimamizi wanaonung'unika kwamba kukata na kuziba upya kunapoteza muda. Mimi huwaacha wanung'unike. Ikiwa hapana budi kuingia, mbao za kukanyagia hulazwa juu ya boriti za jengo, kamwe si juu ya vyuma vya dari, na mkanda wa usalama hufungwa kwenye boriti hizo hizo. Katika ujenzi, sheria za hapa hudai kinga ya kuanguka kuanzia futi 6, yaani takriban mita 1.8, na dari nyingi za ofisi ziko juu zaidi ya hapo.

Jengo likiwa la zamani, hakuna kukata chochote kabla ya kupata matokeo ya uchunguzi wa asbesto, yaani nyuzi za madini zinazodhuru mapafu zikivutwa.

Umeme nao una hila zake. Kuzima swichi ya taa za chumba hakutoshi, kwa sababu nafasi moja ya darini hupitisha saketi za vyumba kadhaa, na taa za dharura huendelea kuwa na umeme wa betri zake hata saketi ikizimwa. Mimi huzima kwenye paneli, nikaweka kufuli langu na lebo, kisha hujaribu kipimaji kwenye waya ninaojua una umeme, nikapima pale nitakaposhika, halafu nikarudi kukijaribu tena kwenye ule waya wa kwanza, kwani kipimaji kilichokufa katikati ya kazi huonyesha kwamba kila kitu ni salama. Waya wa nyutro, yaani ule unaorudisha umeme kwenye paneli, huupima pia, maana ukiwa wa pamoja na saketi nyingine bado hai, kuukata kunaweza kukupiga.

Mwisho ni nyaya unazoziacha huko juu. Kanuni ya umeme ya hapa hairuhusu kuzifunga kwenye waya zinazobeba dari. Huwekewa waya zake zenyewe za kuzishikilia kutoka kwenye boriti, zikatofautishwa kwa rangi au lebo, ili fundi atakayefuata ajue ipi inabeba nini kabla hajaikata.