Mihogo, simu na panga

Mwaka huu nasimamia miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sayansi ya kompyuta, na nafurahi kwamba karibu wote wametoka nje ya kompyuta. Yupo wa foleni za daladala, yupo wa kumbukumbu za kliniki ya wajawazito.

Wa mihogo ndiye aliyenikalisha chini. Anataka simu itambue ugonjwa kwa picha ya jani. Ugonjwa wa batobato una nafuu: jani linajikunja na kuwa na mabaka ya njano. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ndio balaa. Mmea waweza kuonekana mzima, majani ya chini yamepauka kidogo tu kando ya mishipa, kumbe ukikata muhogo, ndani umeoza. Na mkulima hukata pingili za mbegu kwenye mmea huohuo! Kwa hiyo nilimwambia aende Mkuranga na panga pia: kila mmea anaoupiga picha ung'olewe, mihogo ikatwe, ndipo picha ipewe jina la ugonjwa. Na mwenye shamba alipwe.

Tulibishana sana kuhusu kugawa data, yaani picha zipi ziifundishe modeli (programu inayojifunza kutambua ugonjwa) na zipi ziijaribu. Mimi nasema picha za shamba moja zisiwepo kwenye mafunzo na kwenye majaribio pia, maana modeli itakariri rangi ya udongo na kivuli cha mwembe. Usahihi utashuka, najua. Hizo ndizo namba ninazoziamini, na ndizo nitakazomtetea nazo mbele ya jopo.

Sasa anatafuta mashamba mengine, Muheza.