Chai Mukalu ya Fort Portal

Basi liliondoka Kampala alfajiri, na hadi Mubende sina la kusimulia, maana nililala. Ukishapita Kyenjojo ndipo macho yanapofunguka: mashamba ya chai kulia na kushoto, yamekatwa usawa mmoja kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, wachumaji wamezama humo hadi kiunoni.

Fort Portal tulishuka watatu tuliokuwa tumeunganishwa na Kiswahili: mimi Mtanzania, dereva wa malori kutoka Kenya, na mzee mmoja wa Beni, Kongo, mwenye robota la vitenge. Tukaingia mgahawani karibu na stendi. Mwenyewe, mama ambaye wateja walimwita Abwooli (ndiyo empaako yake, jina la heshima la Kitooro), akauliza: "Chai ya maziwa ama mukalu?"

"Mimi nipe strungi, mama," akasema dereva.

"Mimi ya rangi," nikasema.

Abwooli akacheka, akaleta vikombe viwili vya kitu kilekile: chai nyekundu, moto, vipande vya tangawizi vikielea juu. Mukalu kwa Kiganda ni kavu, yaani bila maziwa. Strungi ni "strong" ya Waingereza, imelainishwa na midomo ya Wakenya. Na kwetu Tanzania chai kavu ni ile isiyo na kitafunwa, iwe na maziwa au isiwe nayo. Pale mezani kulikuwa na chapati mbili, kwa hiyo kwa hesabu za nyumbani chai yetu haikuwa kavu hata kidogo.

"Kwetu ni chai tu," akasema mzee. "Ila wale wa Kilingala wanasema ti."

Hapo nikapata pa kusemea. Wachina wana herufi moja ya jani hili, lakini wengi wao huisoma cha, na watu wa Fujian, pwani ya kusini, huisoma te. Waholanzi walinunua majani kwa watu wa Fujian katika karne ya 17, wakaisambaza te Ulaya. Ndiyo Waingereza wana tea na Wafaransa thé. Waajemi, Wahindi, Warusi na Waturuki walishika cha, ikawa chai.

Watu hupenda kusema te ilipita baharini na cha ikapita nchi kavu. Mimi siikubali sana kanuni hiyo. Wareno walikwenda Macao kwa merikebu na bado wanasema chá, na Waswahili, watu wa majahazi, wanasema chai. Tena Kiarabu sanifu hakina sauti ya ch, husema shai. Naamini basi sisi tulilipata kwa Wahindi au Waajemi, bandarini, pamoja na bidhaa yenyewe. Bara likafuata pwani: Waganda huandika caayi, c yao ikisomeka ch, na Wanyarwanda wana icyayi. Hata sukari ya Abwooli ilikuwa ssukaali, neno ambalo Waarabu walilipata mashariki na asili yake ni Kisanskriti.

Mzee alimaliza kikombe, akajitwisha robota. Alikuwa na gari la Kasese la kuwahi, kisha mpaka wa Mpondwe.

"Mwanangu," akaniambia, "na kule mbele mtu akikuomba chai, usimuulize ya maziwa ama mukalu. Toa noti upite."