Bongo mbili kwenye slaidi moja

Seli zenye alama zilikuwa chini kabisa ya gamba la ubongo, zimelala jirani na nyuzi nyeupe. Kwa panya aliyekuwa tumboni mama yake alipochomwa sindano ya kutia seli alama siku ya 15 ya mimba, hapo si mahali pake. Seli zinazozaliwa siku hiyo hupanda, huzipita zilizotangulia, na kutulia karibu na uso. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba siku za mimba zilihesabiwa vibaya kwenye daftari.

Ubongo ule ulikuwa wa riila, panya asiye na protini ya Reelin. Akifika wiki mbili hivi huanza kuyumba na kuanguka ubavu. Mtaalamu wa jenetiki D. S. Falconer alimweleza mwaka 1951 huko Edinburgh, Uskoti. Jeni yenyewe ilitambuliwa 1995. Wazazi wote wawili walikuwa na nakala moja nzima na moja mbovu, kwa hiyo riila hutarajiwa mmoja kwa kila watoto wanne.

Kwenye sindano tulikuwa tumetumia BrdU, kemikali ya kutia alama, miligramu 50 kwa kilo ya uzito wa mama. Huingia kwenye DNA inaponakiliwa. Seli iliyogawanyika mara ya mwisho siku ile hubaki na alama nzito; inayoendelea kugawanyika, alama yake hufifia.

Hatua iliyotugharimu slaidi nyingi ni asidi. Kingamwili, protini inayonasa BrdU ili ionekane, haiifikii mpaka nyuzi mbili za DNA ziachane, hivyo vipande vya ubongo hukaa kwenye asidi hidrokloriki ya normali 2, nyuzijoto 37, dakika 30, kisha bafa ya borati ya pH 8.5 ya kuituliza asidi. Ukiharakisha, huoni kitu. Ukizidisha, vipande vinajikunja na kubanduka. Na kabla ya hapo, ubongo uliokwisha kuhifadhiwa kwa paraformaldehaidi 4% lazima ukae kwenye sukari ya 30% mpaka uzame wenyewe. Ukiugandisha ungali unaelea, barafu inautoboa matundu kama sifongo.

Bahati nzuri bongo mbili, za riila na ndugu yake mzima wa uzao uleule, tulizigandisha kwenye bonge moja na kuzikata pamoja. Nikasogeza slaidi sentimita moja hivi. Kwa ndugu yake, madoa meusi yalijipanga juu, msongamano mmoja chini ya uso. Mama mmoja, sindano moja, asidi moja. Daftari lilikuwa sahihi.

Ilibaki kuhakikisha kwamba yule wa kwanza ni riila kweli. PCR, kipimo cha jeni, ya ncha ya mkia ilikwisha kusema hivyo, lakini hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, ilisema wazi zaidi: safu yake ya seli iitwayo CA1 imepasuka mara mbili, na seli za eneo lake jingine, jirasi denteti, zimetawanyika kama mtama uliomwagika.

Seli za Cajal-Retzius, zilizo chini tu ya uso, ndizo hutoa Reelin. Seli zinazopanda huipokea kwa vipokezi VLDLR na ApoER2, na ndani yake protini Dab1 huamka. Reelin isipokuwepo, seli za mwanzo kabisa hazigawanywi kuwa tabaka la juu na la chini. Hubaki zimeziba juu, na kila kundi jipya hurundikana chini ya lililotangulia. Seli za siku ya 15 zilichelewa kufika, na nafasi iliyobaki ilikuwa pale chini, kando ya nyuzi nyeupe.